Njia ya Maji ya Bukama

Mji wetu wa Lubumbashi ulianzishwa mwaka 1910, na mwaka ule ule gari la moshi likafika kutoka kusini. Kwa hiyo tumezoea kusifu reli. Lakini reli hiyo ilikuwa ikitafuta maji. Mwaka 1918 ilifika Bukama, ukingoni mwa Lualaba, na hapo mizigo ikatolewa garini na kupakiwa katika meli.

Huko Uingereza, tangu mwaka 1761, watu walichimba mifereji mingi ili farasi wavute mashua zenye makaa. Kwetu mto wenyewe ulikuwa njia: toka Bukama hata Kongolo, kilomita zaidi ya 600. Lakini njia hiyo ilikuwa na vizuizi viwili.

Cha kwanza ni mawe. Chini ya Kongolo mto unaingia katika bonde jembamba la miamba, na meli haipiti. Wazungu walipaita Mlango wa Jehanamu. Hapo hawakuchimba mfereji. Walijenga reli ya kuzunguka mpaka Kindu, ikamalizika mwaka 1911.

Cha pili ni mafunjo ya Ziwa Kisale. Mafunjo hayo hung'oka pamoja na mizizi yake, yakaelea kama visiwa, na upepo ukiyasukuma hufunga njia. Kizuizi hiki hakizungukwi kwa reli. Dawa yake ni kukata na kuondoa, na mwaka unaofuata kukata tena.

Kazi hiyo si ya Wazungu waliyoileta. Mwaka 1957 na 1958 wataalamu walichimbua makaburi ya kale huko Sanga, kando ya Kisale, wakaona kwamba wavuvi na wahunzi walikaa pale zaidi ya miaka elfu iliyopita. Wenye kuandika historia wanasema kwamba wenyeji wa bonde lile walifungua mifereji na kujenga matuta ya udongo ili kuzuia maji na kunasa samaki. Mvuvi mmoja hawezi kazi hiyo. Ilipasa vijiji vipatane, na katika kupatana huko wengi wanaona mzizi mmojawapo wa ufalme wa Waluba.

Baadaye reli ilichukua mizigo mingi. Mwaka 1928 ilifika Ilebo, iliyoitwa Port-Francqui, na mwaka 1956 Kamina ikaunganishwa na Kabalo, hata safari ya kwenda Ziwa Tanganyika haikuhitaji tena meli ya Bukama. Lakini mitumbwi ya samaki haikuacha kupita.

Basi, tujifunze nini? Nyumba ikiisha kujengwa, fundi huenda zake. Njia ya maji haiishi kujengwa: siku watu wanapoacha kushirikiana, mafunjo huifunga. Wazee wetu walisema: kidole kimoja hakivunji chawa. Watu wa Kisale walilijua neno hilo kwa mikono yao.