Mchochota si uvimbe tu

Katika mtaa wa Bwiza jijini Bujumbura, kama kwa majirani wa mtaa wa Buyenzi, daktari huandika ugonjwa kwa Kifaransa, na nyumbani mgonjwa huueleza kwa Kiswahili au Kirundi. Njiani neno moja huharibika: inflamesheni, ambalo wengi huliita uvimbe.

Uvimbe ni dalili moja tu kati ya nne alizoziorodhesha Celsus wa Roma katika karne ya 1: wekundu, uvimbe, joto na maumivu. Tena uvimbe ndilo jina letu la donge la saratani. Aliyeambiwa ana uvimbe hujipapasa akitafuta donge, na asipolipata hujiona mzima. Ndiyo maana napendelea mchochota, kutoka kitenzi kuchochota, kuuma kwa kuchomachoma. Neno hilo linataja kazi ya kinga ya mwili inapopambana na vijidudu au jeraha, au inapoushambulia mwili wenyewe kimakosa. Kazi hiyo yaweza kuendelea miaka bila uvimbe wowote kuonekana kwa macho.

Kwa wanandoa wanaosubiri mtoto, tofauti hii ni kubwa. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba karibu mtu 1 kati ya 6 hupatwa na ugumba wakati fulani maishani. Mara nyingi mke ndiye anayetangulizwa hospitali, ingawa katika takriban nusu ya ndoa zenye ugumba tatizo liko pia kwa mume. Mume naye akikubali kupimwa hufikiria kisonono, au matubwitubwi yaliyoshuka kwenye korodani. Fizi zinazotoka damu, vidonda vya utumbo na baridi yabisi havitaji.

Lakini mchochota haukai mahali pamoja. Chembe nyeupe za damu zikiamshwa hutoa saitokini, protini za kupashana habari, nazo huzunguka na damu mwili mzima. Ubongoni huweza kudhoofisha amri ya homoni inayokwenda kwenye korodani, testosteroni ikapungua. Kwenye korodani huweza kulegeza kizuizi kinachotenga damu na mbegu zinazokua. Zaidi ya hapo huzaliwa molekuli kali za oksijeni, ambazo huharibu utando wa mbegu na kukatakata DNA yake. Kuna pia joto: korodani huhitaji ubaridi wa nyuzi 2 hadi 4 chini ya joto la mwili, hivyo homa kali, kama ya malaria, huweza kupunguza mbegu. Kwa kuwa mbegu hutengenezwa kwa takriban miezi 2 na nusu, madhara ya homa huonekana wiki kadhaa baada ya mtu kupona.

Tusivuke mpaka wa ushahidi. Uhusiano wa ugonjwa wa fizi na mbegu dhaifu umeonekana katika tafiti, lakini haijathibitishwa kwamba fizi ndizo chanzo. Pengine mkosaji ni dawa: sulfasalazini, inayotuliza mchochota wa utumbo, hupunguza mbegu, nazo hurudi ikiachwa. Asiiache mtu bila kushauriana na daktari wake.

Wewe mume, nenda na mkeo kliniki tangu siku ya kwanza. Mweleze daktari homa zote za miezi 3 iliyopita, fizi zako, tumbo, viungo, na kila dawa unayomeza.