Waya Unaochomoka: Historia Fupi ya Spika za Masikioni na Majina ya Sehemu Zake

1. Utangulizi

Ivuna ni jina dogo katika ramani ya Tanzania, lakini katika istilahi za sayansi ni jina kubwa. Tarehe 16 Desemba 1938 kimondo kilianguka huko, kusini mwa Ziwa Rukwa, mahali ambapo leo ni Wilaya ya Momba katika Mkoa wa Songwe. Vipande vilivyookotwa vilikuwa na uzito wa gramu 705 tu. Hata hivyo vilionekana kuwa vya aina adimu mno, na wanasayansi wakalipa kundi zima la vimondo vya namna hiyo alama ya herufi mbili, CI, ambayo herufi yake ya pili ni Ivuna yenyewe. Hivyo Ivuna imeikopesha dunia istilahi.

Kwa vitu vingi, hata hivyo, safari ya maneno huelekea upande wa pili. Uchimbuzi uliofanywa na Brian Fagan na John Yellen katika miaka ya 1960 ulionyesha kwamba watu wa Ivuna walikuwa wakipika chumvi tangu karne nyingi zilizopita. Penye chumvi pana biashara, na penye biashara huingia vitu vya wageni pamoja na majina yake. Siku hizi bidhaa nyingi za umeme hufika pande hizo kupitia mji wa mpakani wa Tunduma, nazo pia huja na majina yake, yawe yanatufaa au hayatufai.

Katika makala haya tumechagua kitu kimoja kidogo kati ya bidhaa hizo, yaani spika za masikioni, na kazi moja ya ufundi inayofanywa juu yake: kuuondoa waya uliofungwa moja kwa moja na kuweka mahali pake waya unaochomekwa na kuchomolewa. Kazi hiyo tumeichagua kwa sababu inaonyesha waziwazi jambo ambalo mfasiri na mwalimu hukutana nalo kila siku: kitu kinapogawanywa, jina lake nalo halina budi kugawanywa.

2. Waya ulivyoingia katika lugha

Neno letu la kwanza la mawasiliano ya umeme ni simu. Asili yake ni Kiajemi, na huko maana yake ni waya. Mwaka 1879 waya wa simu uliolazwa chini ya bahari uliiunganisha Zanzibar na Aden, na watu wakauita ujumbe kwa jina la kitu kilichouleta. Baadaye kampuni ya Cecil Rhodes ilivuta waya wake kutoka kusini, ukapita katika nchi iliyo kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, jirani na Tunduma ya leo, ukafika Ujiji mwanzoni mwa karne ya 20. Rhodes alinuia kuufikisha Misri, lakini hapo ndipo ulipokoma.

Mawimbi ya redio yalipokuja, wazee wetu walisema "simu ya upepo". Tukilifuata neno kwa asili yake, huo ni waya usio na waya! Leo tuna simu ya mkononi, nayo haina waya hata mmoja nje yake. Hatusemi kwamba neno simu lina kasoro. Neno likiisha kuota mizizi halidaiwi asili yake. Tunachotaka kukumbusha ni kwamba kitu kilipokuwa kimoja, jina moja lilitosha kwa waya, kwa chombo na kwa ujumbe, na vilipotengana, lugha ilidaiwa majina mapya.

3. Historia ya chombo chenyewe

Plagi ndogo inayochomekwa katika redio na simu ni mtoto wa mitambo ya simu ya karne ya 19. Katika mitambo hiyo mpokezi alikaa mbele ya ubao wenye matundu mengi, na kila aliyetaka kuzungumza na mwenziwe aliunganishwa kwa kuchomeka waya wenye plagi mwisho wake. Plagi kubwa ya milimita 6.35, ambayo bado hutumika kwenye magitaa na vyombo vya studio, ndiyo ya mitambo ile. Ile ya milimita 3.5 tunayoifahamu wengi ilienea pamoja na redio za transista. Kwa hiyo waya wa kuchomoka si uzushi wa leo, kwa kuwa upande mmoja wa waya umekuwa ukichomoka kwa zaidi ya miaka mia moja. Upande uliobaki umefungwa ni ule wa sikioni.

Spika za masikioni zenye upinde wa kichwani zilipata umbo lililo karibu na la leo mwaka 1910, wakati Nathaniel Baldwin wa Utah, Marekani, alipoziuza kwa jeshi la majini la nchi yake. Zilikuwa chombo cha kazi, si cha burudani. Mwaka 1958 John Koss alitoa zile za kusikilizia muziki kwa njia mbili, ya kulia na ya kushoto. Mwaka 1968 kampuni ya Sennheiser ya Ujerumani Magharibi ilitoa HD 414, zilizokuwa nyepesi na zenye waya uliochomoka pia upande wa masikio. Mwaka 1979 Sony ikatoa Walkman, na spika za masikioni zikaanza kuonekana barabarani.

Kwetu kusikiliza kulianza kwa namna nyingine. Mwaka 1949, ng'ambo ya mpaka katika Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia, ilianza kuuzwa redio ya bei nafuu, ya betri, iliyotiwa ndani ya umbo la sufuria. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kutangaza mwaka 1951. Katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, watu waliizunguka redio moja kwa vikundi, wakasikiliza na kujadiliana. Spika ya redio ilikuwa ya wote, na kwa muda mrefu haikuwapo haja kubwa ya jina la spika ya mtu mmoja. Chombo hicho kilipoenea pamoja na kaseti, na baadaye simu za mkononi, kila mtu alikiita alivyosikia kikiitwa dukani.

4. Kazi ya fundi

Waya wa spika za masikioni hukatika zaidi mahali pawili: penye shingo ya plagi na pale unapoingia kwenye kikombe cha sikio. Hukatikia hapo kwa kuwa ndipo unapokunjwa mara kwa mara. Spika zenyewe huwa nzima. Aliye karibu na duka hununua nyingine, lakini anayekaa Ivuna hupiga hesabu ya nauli ya Tunduma kwanza. Akiwa na chombo ambacho waya wake unachomoka, atahitaji waya tu.

Fundi anayefanya mageuzi hayo hufungua kikombe ambamo waya huingilia. Ndani hukuta fundo, lililowekwa ili mvuto wa nje usifike penye lehemu. Kisha hukuta nyuzi tatu: wa kushoto, wa kulia, na wa pamoja unaorudisha umeme wa spika zote mbili. Ikiwa waya unaingilia upande mmoja tu, nyuzi nyingine hupita ndani ya upinde kwenda kikombe cha pili. Fundi huandika mahali pa kila uzi kabla hajaugusa. Halafu huyeyusha lehemu, huutoa waya wa zamani, hulipanua tundu la kikombe mpaka soketi ya milimita 3.5 ikae imara, na kulehemu nyuzi kwenye miguu ya soketi. Hapo hana budi kuwa mwepesi wa mkono, maana moto ukikawia plastiki ya soketi huyeyuka. Aidha, nyuzi nyingi za waya huo zimepakwa rangi inayozuia umeme. Rangi hiyo isipounguzwa kwanza, lehemu haishiki.

Mwisho hupima kwa mita kwamba ncha ya plagi imefika kushoto, pete kulia, na shina kwenye waya wa pamoja. Kosa la hapo lina adhabu ya ajabu. Waya wa pamoja usiposhika, umeme hupita spika moja na kuingia nyingine, na kinachosikika ni tofauti tu kati ya kulia na kushoto. Katika muziki sauti ya mwimbaji hufifia na ala zikabaki. Katika taarifa ya habari, ambayo ni ileile pande zote mbili, msikilizaji hasikii karibu chochote, na huenda akadhani redio ndiyo mbovu.

5. Majina yanapompoteza fundi

Tumeeleza kazi hiyo kwa kirefu kwa sababu katika kila hatua jina baya linaweza kuharibu chombo. Tuchukue mifano mitatu.

Kwanza, katika programu za simu za Kiswahili tunasoma "vipokea sauti vya masikioni". Lakini chombo hiki hakipokei sauti. Hupokea umeme na kutoa sauti. Kinachopokea sauti ni maikrofoni. Mwanafunzi akiambiwa alehemu waya wa "kipokea sauti", na plagi yake ina waya wa maikrofoni pia, atashika upi?

Pili, "kipaza sauti" hutumika kwa vyombo viwili vinavyopingana: kile anachokishika msemaji mkononi na kile kinachotundikwa juu ya nguzo. Katika mkutano wa hadhara hakuna madhara, maana macho yanaona. Katika mchoro wa nyaya madhara yapo. Plagi zenye maikrofoni zina sehemu nne, na mipangilio iliyoenea ni miwili. Katika mmoja pete ya pili ni ya waya wa pamoja na shina ni la maikrofoni, na katika mwingine hizo mbili hubadilishana. Fundi anayesoma neno lenye maana mbili juu ya mpangilio wenye sura mbili atabahatisha.

Tatu, neno "jeki" hutumika kwa plagi na pia kwa soketi, achilia mbali jeki ya kuinulia gari. Waya ulipokuwa umefungwa, utata huo ulivumilika. Sasa waya una plagi pande zote mbili na soketi mbili za kuingilia, moja kwenye redio na moja kwenye kikombe, na jina moja halitoshi tena.

6. Mapendekezo

Hatuoni sababu ya kubuni pale ambapo lugha imekwisha kujitosheleza. Tunapendekeza maneno yafuatayo yatumike katika tafsiri, katika madarasa ya ufundi na katika maandishi ya ofisi:

Spika za masikioni: chombo kinachogeuza umeme kuwa sauti karibu na sikio. Jina hili limetoka kwa watu wenyewe, nalo linataja kazi kwa usahihi.

Maikrofoni: chombo kinachogeuza sauti kuwa umeme. "Kipaza sauti" libaki kwa kile kinachoikuza sauti na kuitoa.

Plagi: sehemu inayochomekwa. Sehemu zake ni ncha, pete na shina. Pete zikiwa mbili, ihesabiwe ya kwanza ile iliyo karibu na ncha.

Soketi: tundu linalopokea plagi.

Waya wa kuchomoka: waya ambao pande zake zote mbili hutoka bila kulehemuliwa. Kinyume chake ni waya wa kudumu.

Waya wa pamoja: ule unaorudisha umeme wa spika zote mbili.

Kikombe na upinde: nyumba ya spika, na kiungo kinachopita juu ya kichwa.

Yafaa ikumbukwe kwamba ncha, pete, shina, kikombe na upinde ni maneno ambayo mtoto wa shule ya msingi anayajua. Kazi ya istilahi hapa imekuwa kuyapanga tu, ili mwalimu akisema "shina" darasani, fundi aliye Ivuna na mfasiri aliye Dar es Salaam washike mahali pamoja. Wasomaji wenye majina mengine yanayotumika katika karakana zao wanaombwa wayalete kwetu, pamoja na maelezo ya sehemu ambayo kila jina linaihusu, ili yapimwe kabla ya orodha hii kukamilishwa.