Gehazi Katika Nchi ya Chai



Somo letu limo katika kitabu cha 2 Wafalme, sura ya 5. Naamani, jemadari wa Shamu, aliponywa ukoma katika mto Yordani. Akarudi kwa Elisha na zawadi nyingi, lakini nabii akakataa kupokea hata kitu kimoja. Gehazi, mtumishi wa Elisha, hakuridhika. Alimfuata Naamani mbio, akatunga uongo, akarudi na talanta mbili za fedha na mavazi mawili, akavificha nyumbani. Siku ile ile ukoma wa Naamani ukamshika yeye.

Sasa tutazame historia ya kwetu. Mwaka 1902 Willis Hotchkiss, Mmarekani wa Kanisa la Friends, alikuwa mmoja wa watatu walioanzisha misheni ya Kaimosi. Baadaye alikuja kwa Wakipsigis akaanzisha misheni ya Lumbwa, sehemu ambayo leo huitwa Kipkelion. Misheni hiyo ilihubiri Injili na pia ilifundisha kazi za mikono, ikiwemo kulima kwa jembe la kukokotwa na ng'ombe. Mhubiri alikuja na neno, na jembe pia.

Kisha katika miaka ya 1930 ikaanzishwa misheni ya Tenwek, karibu na Bomet. Wauguzi walitangulia. Mwaka 1959 akafika daktari wa kwanza, Ernest Steury, kutoka Marekani. Kwa muda wa miaka kumi hivi alikuwa daktari peke yake, huku wagonjwa wakiletwa kutoka mbali. Hospitali hiyo ina neno lake linalojulikana sana: sisi tunatibu, Yesu ndiye anayeponya.

Mtu atauliza, je, Tenwek hawatozi fedha? Hutoza. Mgonjwa hulipia dawa na kitanda, naye hupewa risiti. Lakini sala inayoombwa kando ya kitanda haina bei. Hapo ndipo penye tofauti, ndugu zangu. Dawa hununuliwa dukani, kwa hiyo inaweza kulipiwa. Uponyaji ni wa Mungu. Nani awezaye kuuza kisichokuwa chake?

Lakini Gehazi hajafa. Novemba 2014 televisheni ya KTN ilitangaza habari za mhubiri mmoja wa Nairobi. Kipindi hicho kilieleza kwamba watu waliambiwa watume shilingi 310 kama mbegu, ndipo waombewe. Kilieleza pia kwamba dawa ya kemikali ilitiwa katika maji ya kuoshea miguu ili yaonekane kama damu. Serikali ikasimamisha uandikishaji wa makanisa mapya. Mapema mwaka 2016 kanuni mpya za kusimamia makanisa zikatangazwa. Viongozi wengi wa makanisa walizipinga, na kabla ya mwezi wa Januari kwisha Rais Uhuru Kenyatta akazisimamisha.

Basi, kama hatukutaka serikali itupime, je, sisi wenyewe tumejipima?

Sisemi kwamba mchungaji afe njaa. Mtume Paulo anafundisha katika 1 Wakorintho 9 kwamba waihubirio Injili wana haki ya kupata riziki kwa hiyo Injili. Mchungaji ana watoto wa kusomesha kama wewe. Kosa la Gehazi halikuwa kula mkate. Alitoza karama ya bure, akasema uongo, akaficha.

Ninyi wakulima wa chai mnaelewa jambo hili kuliko mimi. Ukifikisha majani yako kituoni, karani huyapima mbele ya macho yako na kuandika kilo. Kama angeyapeleka nyuma ya nyumba na kukuambia umwamini tu, ungekubali? Mbona basi sadaka, iliyotoka katika majani yale yale, ihesabiwe gizani? Mama aliyechuma tangu alfajiri, umande ukimlowesha, ana haki ya kujua shilingi yake ilifanya kazi gani.

Samweli alipozeeka alisimama mbele ya Israeli yote, akawataka waseme kama aliwahi kutwaa ng'ombe wa mtu ye yote. Hakuna aliyemshtaki. Wachungaji na wazee wa kanisa, je, tunaweza kusimama hivyo Jumapili ijayo? Hesabu na isomwe kanisani, mtunza hazina asiwe mmoja peke yake, na mgonjwa aombewe kabla hajafungua mkoba.

Tuombe. Ee Bwana, utupe moyo wa Elisha, na utuepushe na mbio za Gehazi. Amina.