Joto Linaloifaa Dunia: Tafakari kwa Waamini wa Handeni na Korogwe

Joto la wastani la dunia hupatikana kwa kujumlisha vipimo vya nchi kavu na bahari kwa mwaka mzima. Kabla ya viwanda kuenea lilikuwa kati ya nyuzi 13 na 14 za Sentigredi. Mwaka 2024 lilipita kidogo nyuzi 15. Huo ndio mwaka wa kwanza kuzidi wastani wa miaka 1850–1900 kwa zaidi ya nyuzi 1.5, kiwango ambacho mataifa yaliahidi huko Paris mwaka 2015 kujitahidi yasikivuke.

Je, kipo kiwango kilicho bora?

Sayari yenyewe haina namba moja. Bila gesi joto ingekuwa na wastani wa nyuzi 18 chini ya sifuri, na tusingeishi. Katika zama za barafu ilikuwa baridi kuliko sasa. Katika zama za kale zaidi ilikuwa na joto kali. Lakini kilimo, vijiji na miji vilikua ndani ya miaka kama 10,000 ya utulivu. Basi joto linalotufaa ni lile ambalo mbegu zetu, chemchemi zetu na makazi yetu vimelizoea. Hatari kubwa ni kasi ya badiliko, kwa kuwa shamba halihami.

Kwetu sisi

Mkulima wa Handeni hupanda mahindi akitegemea masika na vuli. Joto likizidi nyuzi 30 mahindi yanapotoa mbelewele, mavuno hupungua, na ukame huongeza hasara. Mkonge wa Korogwe huvumilia zaidi, lakini mkonge hauliwi. Hewa yenye joto pia hubeba mvuke mwingi, hivyo mvua ikija huweza kuja kwa kishindo. Hatusemi kila gharika hutokana na ongezeko la joto. Hata hivyo mafuriko ya Oktoba 2019, yaliyoua watu na kukata barabara ya Handeni–Korogwe, yalituonyesha jinsi tulivyo dhaifu.

Mafundisho ya Kanisa

Katika waraka *Laudato Si’* (2015), Baba Mtakatifu Fransisko alifundisha kwamba hali ya hewa ni mali ya wote, na kwamba maskini ndio huumia kwanza. Tanzania huchangia chini ya asilimia 1 ya gesi joto za dunia. Kwa hiyo kudai haki kwa mataifa makubwa si manung’uniko.

Hata hivyo, wajibu wa kulima na kutunza (Mwa 2:15) ni wetu pia. Tanuri la mkaa linalomaliza miombo ya Handeni hukausha vijito vyetu wenyewe. Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo na zilinde chanzo cha maji kilicho jirani, zipande miti na kuitunza hadi ikue, na zifuate utabiri wa msimu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla ya kupanda.