Darubini Mpya, Makosa Yaleyale

Julai 1860, kwenye uwanja wa Wimbledon kando ya London, Malkia Victoria alifyatua risasi ya kufungua mashindano mapya ya kulenga shabaha. Shabaha ilikuwa umbali wa yadi 400, yaani kama mita 366. Panga viwanja vya mpira vitatu na nusu, kimoja mbele ya kingine, ndiyo upate picha. Risasi ikatua sentimita 3 hivi kutoka katikati kabisa.

Kabla hujapiga makofi, sikia mambo yalivyokuwa. Bunduki ilikuwa imefungwa kwenye egemeo la chuma, na mafundi walikwisha kuielekeza shabaha mapema. Malkia alichofanya ni kuvuta kamba ya hariri.

Sasa nikuulize: nani aliyepiga shabaha pale? Malkia? Fundi? Au bunduki yenyewe?

Swali hili naliuliza kwa sababu lilinigharimu miezi miwili ya shahada yangu ya uzamili. Nilikuwa napima unyevu wa udongo, na majibu yangu yalikuwa yanaruka. Sampuli ileile asubuhi inasoma hivi, mchana inasoma vile. Nikaamua kwamba mizani ndiyo mbovu. Nikahangaika kutafuta hela, nikapata mizani mpya inayosoma hadi sehemu moja ya elfu ya gramu. Unajua kilichotokea? Namba ziliendelea kuruka vilevile, ila sasa zinaruka kwa desimali tatu.

Mwishowe nilichonisaidia ni historia ya watu waliokuwa wanatengeneza bunduki nyumbani kwao, karne moja na nusu iliyopita. Twende taratibu.

Kutoka gobore hadi raifo

Gobore unalijua, au umelisikia kwenye taarifa za habari. Ni bunduki ambayo mtutu wake ndani ni laini kama bomba la maji. Unamimina baruti kwa mbele, unashindilia, unaweka goroli au vipande vya chuma, unafyatua. Tatizo lake ni kwamba goroli halikai sawasawa ndani ya mtutu. Linapita likigonga ukuta huu na ule, na mgongo wa mwisho kabla ya kutoka ndio unaoamua lielekee wapi. Hata ulenge vipi, ukivuka umbali mfupi unabahatisha tu.

Dawa yake ilijulikana Ulaya tangu zamani: chonga ndani ya mtutu mifereji inayojipinda, ili risasi itoke ikiwa inazunguka. Kumbuka pia uliyokuwa unacheza utotoni. Ikisimama bila kuzunguka inaanguka. Ikizunguka, inasimama wima hata ukiisukuma kidogo. Risasi nayo ni hivyohivyo. Ikizunguka haibinuki ovyo hewani. Bunduki yenye mifereji hiyo ndiyo raifo.

Kwa nini basi majeshi yaliendelea na mitutu laini kwa muda mrefu? Kwa sababu risasi ilibidi ibane mifereji, na kushindilia risasi inayobana ni kazi ya kutoa jasho huku adui anakuja. Mwaka 1849 Mfaransa Claude-Étienne Minié akaleta risasi yenye shimo kwa nyuma. Inaingia kwa ulaini, halafu baruti ikilipuka tako lake linatanuka na kubana mifereji. Baada ya hapo mzigo ukahamia kwa mafundi: mifereji iwe na umbo gani, na ijipinde kwa kasi gani?

Mtu aliyejenga banda la mita 457 nyumbani

Serikali ya Uingereza ilimwendea Joseph Whitworth wa Manchester. Whitworth hakuwa mtu wa bunduki. Alikuwa fundi mitambo, maarufu kwa kupima vitu vidogo kupita kiasi. Alikuwa na mashine iliyodaiwa kuona tofauti ya sehemu moja ya milioni ya inchi. Kwa hiyo alipoulizwa habari za bunduki, jibu lake lilikuwa jibu la mpimaji: siwezi kukwambia mtutu upi ni bora kabla sijajua risasi inafanya nini njiani.

Akajenga kwenye eneo la nyumba yake banda refu la yadi 500, karibu mita 457, lenye paa. Lengo la paa lilikuwa moja: kuondoa upepo. Dhoruba ikalibomoa, akalijenga upya. Ndani yake akasimamisha karatasi nyembamba moja baada ya nyingine. Risasi ikipita inaacha tundu kwenye kila karatasi. Ukisoma matundu kwa mfuatano unaiona njia nzima, na tundu likiwa refu badala ya mviringo, unajua risasi ilikuwa imelala upande pale ilipopita.

Hapo akaanza kubadilisha vitu. Bunduki ya jeshi, Enfield, ilikuwa na tundu la inchi 0.577 na mifereji iliyomaliza mzunguko mmoja kwa kila inchi 78, karibu mita 2. Whitworth aliishia kwenye tundu la inchi 0.451, lenye pembe sita, linalomaliza mzunguko kwa inchi 20 tu, yaani nusu mita. Risasi ikawa nyembamba, ndefu na inayozunguka kwa kasi zaidi.

Mwaka 1857 bunduki hizo mbili zikashindanishwa. Kwa yadi 500, risasi za Enfield zilipotoka kwa wastani wa futi 2.24, sentimita 68. Za Whitworth zilipotoka futi 0.37, sentimita 11. Hata hivyo jeshi lilikataa kuichukua kama silaha ya askari wote. Ilikuwa ghali mno, na mtutu wake mwembamba uliziba masizi haraka.

Bunduki aliyovuta Malkia kamba yake pale Wimbledon ilikuwa ya Whitworth.

Darubini inafanya nini hasa?

Hapa wengi tunajikwaa. Ukiuliza mtu namna ya kulenga vizuri zaidi, jibu la kwanza ni "funga darubini". Darubini za bunduki si za juzi. Miaka ya 1840 huko Marekani, John Chapman na fundi Morgan James wa Utica, New York, walikuwa tayari wanatengeneza darubini nyembamba zenye urefu wa karibu mtutu mzima. Baadaye David Davidson, afisa wa jeshi la Bombay, akapata namna ya kuifunga darubini ubavuni mwa bunduki, na baadhi ya bunduki za Whitworth zikapewa.

Faida yake ni ya kweli. Bila darubini, jicho lako linatakiwa kuona vitu vitatu kwa pamoja: kitako cha shabaha karibu na uso, ncha iliyoko mwisho wa mtutu, na shabaha yenyewe mbali. Jicho haliwezi, kimoja lazima kifie. Tena hesabu ni kali. Tuseme vile vielekezi viwili vimeachana sentimita 60. Ukikosea kuvipanga kwa milimita moja, kwenye mita 100 risasi itakosea karibu sentimita 17. Darubini inaleta picha ya shabaha na nyuzi za msalaba mahali pamoja, na jicho linapumzika.

Lakini angalia kwa makini: darubini imerekebisha kosa la jicho tu. Mtutu haujaugusa, risasi haijaigusa, baruti haijaigusa, wala bega lako linalotetemeka. Kama bunduki yenyewe inatawanya risasi kwa sentimita 68, darubini itakuonyesha vizuri sana mahali ambapo risasi haitakwenda.

Ndiyo maana wapimaji hutenganisha mambo mawili. Piga risasi 10 bila kugusa chochote. Matundu yakikusanyika pamoja lakini juu kushoto, hilo ni kosa la kuelekeza, unageuza skrubu ya darubini na limeisha. Yakitawanyika karatasi nzima, hakuna skrubu ya kukusaidia. Unatakiwa kutafuta chanzo cha mtawanyiko.

Daktari na mwamba wake

Mtu aliyekitafuta chanzo hicho kwa ukaidi kuliko wote ni Franklin Mann wa Milford, Massachusetts. Alisomea udaktari, lakini kipato chake kilitoka kwenye mashine aliyobuni ya kukata mifupa kwa ajili ya chakula cha kuku. Hela za kuku zikaenda kwenye bunduki.

Mitutu mizuri ilikwisha kuwapo. Rafiki yake Harry Pope alikuwa anachonga mitutu iliyosifika Marekani nzima. Mwaka 1901 mtu mmoja huko Colorado, Charles Rowland, alitumia mtutu wa Pope kupiga risasi 10 kwa yadi 200, na matundu yote, ukipima kutoka kiini cha tundu hadi kiini cha jingine, yakaenea inchi 0.725 tu. Hizo ni milimita 18, kwa umbali wa mita 183. Unaweza kuyafunika kwa sarafu.

Kilichomsumbua Mann ni hiki: mtutu huohuo, risasi hizohizo, siku nyingine kundi linapanuka. Kwa nini?

Hakuanza na darubini nyingine. Alianza kwa kujiondoa mwenyewe. Alitoa mtutu kwenye kitako, akauweka juu ya nguzo kubwa ya zege aliyoiita Gibraltar, kwa jina la ule mwamba wa kusini mwa Hispania. Hapo hakuna bega, hakuna pumzi, hakuna jicho. Kama risasi bado zinatawanyika, kosa limebaki kwenye mtutu au kwenye risasi.

Na zikatawanyika. Basi akafanya kitu ambacho mimi nimekipenda kuliko vyote: akaanza kuharibu risasi kwa makusudi. Alikata ncha, akaona tofauti ni ndogo kuliko watu walivyodhani. Akaharibu tako la risasi, hapo risasi zikapotea kabisa. Akatoboa ubavu mmoja ili uzito uegemee upande, akaweka alama ajue upande huo umekaa wapi ndani ya mtutu, naye pia akapanga karatasi njiani kufuatilia matundu. Akaona kwamba mwelekeo wa kukosea unafuata ile alama. Ukijua upande mzito ulikuwa wapi risasi ilipokuwa inatoka, unaweza kutabiri itakosea kuelekea wapi.

Yaani kilichokuwa kinaitwa bahati mbaya kiligeuka kuwa hesabu. Sehemu kubwa ya mtawanyiko ilizaliwa pale risasi inapoachana na mdomo wa mtutu: tako lisilo sawa linaruhusu gesi kutoka upande mmoja kabla ya mwingine, na uzito usio katikati unairusha risasi pembeni. Mann alichapisha kitabu chake mwaka 1909, kimejaa risasi zilizoharibiwa na vipimo vya matundu.

Upande wa pili

Sitaki uondoke ukidhani hii ni hadithi ya mchezo tu. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe Marekani, jeshi la Kusini lilinunua bunduki za Whitworth, baadhi zikiwa na darubini ya Davidson, likazigawa kwa walengaji wake bora. Zile sentimita 11 zilizopatikana kwenye banda lenye karatasi zikageuka kuwa maofisa walioanguka bila kumwona aliyewapiga. Kipimo kizuri hakichagui kitumike wapi. Anayechagua ni mtu, na hapo hakuna egemeo la chuma la kujifichia.

Nilichofanya na mizani yangu

Baada ya kusoma habari za Mann nilirudi maabara nikatengeneza Gibraltar yangu. Nilichukua kipande kimoja cha chuma, nikakipima mara 20 asubuhi na mara 20 mchana. Mizani ikasoma namba ileile, desimali ya mwisho tu ikicheza. Kumbe mizani nzima, na nina shaka hata ile ya zamani ilikuwa nzima.

Halafu nikaharibu kwa makusudi. Sampuli moja niliipima mara tu ilipotoka kwenye oveni, ikiwa ya moto. Ikasoma pungufu, kwa sababu hewa yenye joto inapanda na kuinyanyua kidogo. Nyingine niliiacha wazi mezani nikaenda kunywa chai. Niliporudi ilikuwa imevuta unyevu wa hewani, uzito umeongezeka. Chanzo cha mtawanyiko wangu kilikuwa ratiba yangu ya chai! Siku nikiwa na haraka napima za moto, siku nikiwa na nafasi napima zilizopoa wazi.

Sasa kila sampuli inapoa ndani ya chombo kilichofunikwa, kwa muda uleule. Data za miezi miwili ilibidi nizitupe, na iliuma.

Kwa hiyo siku ukitamani chombo kipya, iwe darubini, kamera au mizani, kwanza chukua ulicho nacho na upime kitu kimoja mara 20 bila kubadilisha chochote. Tazama matundu yako yamekaaje. Kama yamekusanyika, mtawanyiko hautoki kwenye chombo. Anza kuchunguza mkono unaokishika.