Malkia wa Nyuki na Waliomlea

Kwa karne nyingi, Wazungu walioandika juu ya nyuki waliutazama mzinga wakaona dola. Aristotle alimwita nyuki yule mkubwa mfalme, ingawa alijua wapo waliomwita mama. Mwaka 1609 Charles Butler wa Uingereza alichapisha The Feminine Monarchie, akashikilia kuwa mtawala wa mzinga ni wa kike, na baadaye katika karne hiyo Jan Swammerdam wa Uholanzi alimpasua akamkuta na ovari. Jinsia ikasahihishwa, lakini dhana ya utawala ikabaki palepale: mmoja anaamuru, maelfu wanatii. Kosa hili la pili lilidumu kuliko la kwanza, na inasikitisha, kwa sababu ushahidi wa kulipindua ulikwisha kupatikana katika miaka ya 1760.

Aliyeupata ni Adam Gottlob Schirach, mchungaji wa kanisa huko Klein Bautzen, Saxony. Alikata vipande vya sega lenye mayai na mabuu machanga, akavifungia kisandukuni pamoja na nyuki wafanyakazi wasio na malkia. Nao wakajilelea malkia. Wakifikwa na msiba kama huo, wafanyakazi huchagua mabuu machache ambayo hayajapita siku tatu, hubomoa kuta za vijumba vya jirani, hujenga kijumba kirefu kinachoning'inia kama ganda la karanga, kisha humjaza buu maziwa ya nyuki bila kumbadilishia chakula. Yai ambalo lingetoa mfanyakazi siku ya 21 hutoa malkia siku ya 16. Malkia, basi, hapati cheo chake kwa kuzaliwa. Hukipata kwa wanaomlisha.

Wengi walikataa, na pingamizi lao lilikuwa na uzito. Iliaminika kuwa wafanyakazi hawana jinsia. Je, buu wao angewezaje kuwa jike kamili? Wengine walidai kwamba yai la kifalme lilijificha mle segani tangu mwanzo. François Huber wa Geneva, aliyekuwa kipofu na kuona kwa macho ya msaidizi wake François Burnens, alirudia majaribio hayo, na mwaka 1792 akachapisha kwamba Schirach alikuwa sahihi. Baadaye binti wa daktari Louis Jurine aliwapasua wafanyakazi kwa ustadi mkubwa akaonyesha kwamba nao wana ovari, ila zimedumaa. Dai la yai la kifalme lilizikwa na wafugaji wenyewe: tangu Gilbert Doolittle wa Marekani aeleze njia yake mwaka 1889, wamekuwa wakihamishia mabuu ya kawaida katika vikombe vya nta, na malkia wanapatikana.

Lipo pingamizi zito zaidi. Malkia wachanga huuana, kwa hiyo mshindi si amejichagua mwenyewe? Tena, katika miaka ya 1950 watafiti wa Rothamsted, Uingereza, walieleza kemikali ya malkia inayowazuia wafanyakazi kujenga vijumba vya malkia. Huo si utawala? Sioni hivyo. Msimu wa kuhama, wafanyakazi humzuia malkia aliyetangulia kutoka asiwafikie wenzake, nao wenzake huwazuilia ndani ya vijumba na kuwalisha kupitia tundu dogo, jambo ambalo Huber alilieleza waziwazi. Pigano lipo, lakini uwanja na saa yake vimo mikononi mwao. Na ile kemikali huwaarifu tu kwamba malkia yupo; haiwaelekezi ni buu yupi alelewe. Ikipungua, ujenzi huanza. Kweli, hakuna mfanyakazi mmoja anayeamua peke yake, wala hakuna baraza; uamuzi hutokana na vitendo vidogo vya wengi. Lakini ni vitendo vyao, na humfikia hata malkia mzee. Kabla ya kundi kuhama humpunguzia chakula na kumtikisatikisa, utagaji wake ukapungua na mwili ukawa mwepesi wa kutosha kuruka.