Amani ya Bunduki na Amani ya Haki



Wapendwa waamini, wiki hii nawaalika tutafakari swali ambalo wataalamu wa elimujamii wamelijadili kwa muda mrefu: ni nini kinachoishikamanisha jamii, na kwa nini jamii hufarakana? Tuanzie Fourmies, mji mdogo wa kaskazini mwa Ufaransa, uliojulikana kwa viwanda vya kusokota sufu.

Tarehe 1 Mei 1891 wafanyakazi wa mji huo waligoma wakidai, pamoja na mengine, siku ya kazi isiyozidi saa 8. Asubuhi baadhi yao walikamatwa. Jioni umati ulikusanyika uwanjani, karibu na kanisa, ukitaka wenzao waachiwe. Askari wakafyatua risasi. Watu 9 walikufa, wengi wao vijana wasiotimiza miaka 21; mmoja alikuwa mtoto wa miaka 11. Paroko wa mahali alitoka nyumbani mwake, akawasihi askari waache kuua.

Tulieleweje tukio hilo? Karl Marx, aliyefariki mwaka 1883, alikuwa amefundisha kwamba mzizi wa mafarakano umo katika umilikaji: wenye viwanda hufaidi jasho la wasio na kitu, na dola huwalinda wenye mali. Kwa mtazamo huo, mauaji ya Fourmies hayakuwa ajali. Mkwe wake, Paul Lafargue, alifungwa kwa kosa la kuwachochea wafanyakazi. Wapiga kura wa Lille wakamchagua kuwa mbunge akiwa angali gerezani.

Émile Durkheim, aliyekuwa akifundisha Bordeaux, alianzia upande mwingine. Katika kitabu chake juu ya mgawanyo wa kazi, kilichotoka mwaka 1893, alieleza kwamba jamii za kale zilishikamana kwa kufanana, bali jamii ya kisasa hushikamana kwa kutegemeana, kama viungo vya mwili mmoja. Hata hivyo alionya: kazi zikigawanywa kwa shuruti, na mapatano yakifungwa kati ya mwenye nguvu na asiye na pa kukimbilia, kutegemeana huko hakuzai mshikamano.

Wanazuoni hao walitofautiana kwa mengi, lakini hapa wanakaribiana: utulivu usio na haki ni ugomvi uliofunikwa.

Wiki mbili baada ya risasi zile, tarehe 15 Mei 1891, Papa Leo XIII alitoa waraka wake Rerum Novarum, uliokuwa ukiandaliwa tangu kabla ya mauaji hayo. Alikataa fundisho kwamba tajiri na mfanyakazi ni maadui kwa maumbile yao, akatetea haki ya kumiliki mali. Papo hapo alidai ujira unaomtosha mfanyakazi kuishi, mapumziko, na uhuru wa kuunda vyama. Akafundisha kwamba mtu akikubali ujira duni kwa kulazimishwa na shida, ametendewa dhuluma, hata kama alikubali kwa kinywa chake.

Ufaransa ilipitisha sheria ya saa 8 mwaka 1919. Mwaka 1955 Papa Pius XII aliiweka tarehe 1 Mei kuwa sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi. Na mwaka 2025 Papa Leo XIV alieleza kwamba alichagua jina lake hasa kwa kumkumbuka mwandishi wa waraka ule.

Ndugu zangu, nabii Yeremia aliwakemea waliotangaza amani mahali pasipo na amani. Tunapojisifu kwamba nyumbani mwetu au kazini kwetu hakuna ugomvi, tujiulize: yule anayetupikia na kutufulia amenyamaza kwa sababu ameridhika, au kwa sababu anaogopa kufukuzwa? Nami paroko wenu najiuliza vivyo hivyo juu ya wanaofagia kanisa letu na kulinda lango letu usiku. Kabla ya Dominika ijayo, kila mmoja wetu amwendee mmoja wao, amuulize, na amsikilize.